Waonja Udongo

Hebu niambie, wewe umewahi kuonja udongo? Usione haya. Simsemi mama mjamzito anayebandua kipande ukutani akatafuna huku amegeuka pembeni, huyo ana sababu zake. Nasema udongo wa mezani, wa kula kwa kijiko, leso imefungwa shingoni, macho yamefumbwa kama mtu anayesikiliza risala. Kama hujawahi, basi kaa vizuri, maana mjini kwetu wako watu watatu wenye heshima zao waliowahi. Wa nne ndiye aliyewalisha, na habari yenyewe ni ya huyo wa nne.

Watu walimwita Laini. Jina alilopewa na mama yake alilitumia mara chache, kwa sababu lilikuwa limeandikwa mahali pengi pasipofaa. Alikuwa mrefu, mwenye viatu vya ncha vilivyong'aa juu na kutoboka chini, na sauti ya mtu anayekuletea salamu kutoka kwa tajiri. Huyu ndiye aliyewahi kukodisha kivuli cha ukuta wa benki kwa wauza viatu, kila mmoja na kipande chake. Huyu ndiye aliyepanga foleni mahali pasipo na dirisha, akauza nafasi za mbele, na watu wakashukuru.

Lakini miaka ni miaka. Goti lilikuwa limeanza kumsema. Tangu ujana wake alikuwa akikaa vyumba vya kupanga na kuvihama kupitia dirishani, na madirisha, kadiri mtu anavyozeeka, huwa yanapanda juu. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja: mlango wake mwenyewe. Mlango wenye komeo, aufungue asubuhi, asimame kizingitini apige mwayo, asalimie majirani, atoke kwa miguu yote miwili mbele ya macho ya watu. Hili hakuwahi kumwambia mtu. Kazi ya ujanja inasimama juu ya kujua anachokitaka mwenzako na kuficha unachokitaka wewe. Mjanja akishataja haja yake, amekwisha kuwa mteja.

Siku moja alikuwa anarudi mjini kwa miguu kutoka mji wa jirani, ambako kivuli kilikuwa kimehama na wenye vipande vyao wanamtafuta awaeleze. Akakata njia kando ya shamba la zamani la miwa. Kiwanda kilishafungwa, bomba lake la moshi limebaki limesimama peke yake kama abiria aliyesahauliwa stesheni. Reli nyembamba zilizopitisha vitoroli vya miwa zimezama majanini. Na visiki vya miwa, vile vigumu visivyofaa hata kuni, vimejaa ardhini safu kwa safu kama meno mabovu. Langoni palikuwa na bango: ENEO HILI LINAFANYIWA TATHMINI KWA AJILI YA MRADI MKUBWA WA KILIMO. Chini yake paliandikwa jina la kampuni na namba ya simu, lakini kutu ilikuwa imekula vyote viwili, ikaacha neno TATHMINI linang'aa.

Laini akasimama. Bango lisilo na mwenyewe ni sawa na koti lililosahauliwa kitini. Atakayelivaa likamkaa ndiye mwenyewe.

Pembeni ya lango kulikuwa na kibanda cha mizani, pale malori ya miwa yalipokuwa yakipimwa. Na juu ya lile bamba pana la chuma la kupimia, bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu na tofali, anakunywa chai ya rangi. Alikuwa mlinzi wa shamba. Wenye shamba walipoondoka walimwambia, wewe angalia hapa, tunarudi. Na yeye akaangalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepotea au umetumwa?"

"Nimetumwa, Bibi. Mimi ndiye tathmini."

Bibi Mlinzi akamtazama kuanzia ncha za viatu mpaka kwenye kola. "Tumekungoja sana," akasema. "Karibu chai. Haina sukari."

"Kwenye shamba la miwa, Bibi?"

"Ndiyo maajabu yenyewe."

Laini akachuchumaa, akaanza kazi, maana yeye kila alipokutana na mtu mpya alitafuta kwanza pa kumshikia. "Sasa Bibi, mradi ukianza, wewe ungependa ufanyiwe nini? Nyumba? Taa? Tukukumbuke kwa kitu gani?"

"Mimi? Mimi nimekaa tu, baba."

"Hata kitu kidogo."

"Tutazungumza." Bibi akapuliza chai yake. "Hiyo tathmini yenu, mnatumia jembe?"

"Hapana, Bibi. Siku hizi ni utaalamu mtupu. Tunatumia kijiko."

"Aha. Kijiko." Uso ukamshuka Bibi kidogo, kama mtu aliyeambiwa basi limejaa.

Laini akaondoka pale na bango lake kichwani, lakini roho haikutulia. Katika miaka yake yote hakuwahi kukutana na mtu asiyetaka kitu. Ni kama kuingia nyumba isiyo na dirisha.

Mjini alianza na Mwenye Bucha. Hakumwambia kitu, siri hutembea haraka kuliko tangazo. Aliingia tu, akaweka chupa ndogo ya udongo juu ya kaunta kati ya mizani na maini, akaagiza nyama, kisha akaishika ile chupa haraka kama mtu aliyejisahau.

"Hicho nini?" akauliza Mwenye Bucha.

"Usiniulize, kaka. Si cha kuulizana mbele za watu."

Mwenye Bucha akawauzia wateja wake mifupa bila maneno, akafunga mlango. Laini akashusha sauti.

"Miwa imekaa lile shamba vizazi vitatu. Sukari iliyoingia kiwandani ilikuwa nusu. Je, nusu nyingine ilikwenda wapi?"

Mwenye Bucha akafikiri. Haikuwa kazi yake ya kila siku. "Ilikwenda wapi?"

"Ilishuka."

"Ikashuka."

"Ikashuka, ikalala. Ukipanda mchicha pale leo, watoto wataulilia. Ukipanda pilipili, unavuna jamu. Watu wa mradi wanakuja, kaka, na wanataka washirika wachache wa hapa hapa. Na mwenyekiti."

"Mwenyekiti keshapatikana?"

"Bado. Hatujapata mtu mwenye umbo lake."

Mwenye Bucha akavuta pumzi, na tumbo lake likapanda polepole likatua juu ya kaunta lenyewe, kama linajibu swali.

Daktari wa Meno alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu alisoma. "Kisayansi haiwezekani," akasema, huku anapangusa koleo.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, daktari. Halafu nikawaza: mji mzima unakula mboga za sukari asubuhi, mchana na jioni."

Daktari akaacha kupangusa. Akatazama kiti chake cha wagonjwa, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimekaliwa na paka. "Mji mzima?"

"Na vitongoji."

"Na wazee?"

"Wazee ndio wataanza."

"Basi," akasema daktari, "kisayansi tuseme kuna nafasi."

Wa tatu hakuhitaji kutafutwa. Mama Vyumba ndiye aliyempangisha Laini chumba, na alikuwa na vyumba vingi katika safu moja na masikio katika kila kimoja. Alichokitaka yeye duniani ni kile alichoshika mwenzake. Akagonga mlango akiwa ameshaingia.

"Mpangaji wangu, nasikia unawagawia watu shamba, na mimi mwenye kitanda unacholalia sijui. Mimi nataka mara mbili ya wanachopata wale."

"Mama, hata hujui wanapata nini."

"Sijui. Na mimi mara mbili."

Basi ikapangwa siku ya kuonja. Kila mshirika angeonja kwa kinywa chake, na akiridhika ndipo angetoa mchango wa tathmini. Hakuna kulazimishana. Laini alikuwa na msimamo katika mambo haya: mtu atapeliwe kwa hiari yake.

Alfajiri ya siku hiyo alikwenda shambani na mfuko wa sukari. Akachimba vishimo hapa na pale, akachanganya sukari na udongo, akafukia, akachomeka vijiti vyekundu. Kibanda cha Bibi kilikuwa kimya, hakuna moshi. Akarudi mjini akioga moyoni, na alipofika akaoga na mwili.

Jua lilipopanda, wote walikuwa wamekusanyika. Pana meza, pana kitambaa, pana vijiko. Laini alivaa koti jeupe aliloazima kwa kinyozi, mifuko imejaa nywele za watu. Shingoni alining'iniza kile chombo cha daktari cha kusikilizia kifua, alichokipata kwenye mitumba. Akapiga magoti, akaweka kile kisahani chake juu ya ardhi, akanyanyua kidole watu wasipumue.

"Inapumua," akasema.

"Upande gani?" akauliza Mama Vyumba.

"Pande zote."

Mwenye Bucha, ambaye sasa aliitwa Mwenyekiti na alikuwa amevaa tai kwa ajili hiyo, akapewa kijiko cha kwanza kutoka kwenye kijiti cha kwanza. Akafumba macho. Akatafuna. Kikasikika kitu kama mtu anayetembea juu ya kokoto.

"Vipi, Mwenyekiti?"

"Una..." Mwenyekiti akatafuta neno. "Una udongo."

Laini akacheka kitaalamu, akaonja mwenyewe. Udongo. Udongo wa kawaida, wenye mzizi ndani. Akakimbilia kijiti cha pili: udongo. Cha tatu: udongo na mdudu. Jasho likamtoka chini ya koti la kinyozi, nywele zikaanza kumnata. Akajiambia ni sisimizi, hawa wadogo hawana dini, wamehamisha mfuko mzima.

"Mimi naona kama uchachu," akasema Daktari wa Meno, anaangalia kijiko chake kwa masikitiko.

"Na mimi nimepewa kidogo kuliko Mwenyekiti," akasema Mama Vyumba.

Hapo ndipo Bibi Mlinzi alipotoka nyuma ya kibanda chake, polepole, na sahani ya bati mkononi. "Wanangu," akasema, "mnaonja upande uliochoka. Onjeni na wa kule nyuma kwangu."

Mama Vyumba ndiye aliyewahi. Akaweka kijiko mdomoni, akasimama. Macho yakamtoka. Akachota kingine. Daktari akaonja, akashika shavu lake kwa mkono, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona kliniki imejaa mpaka barabarani. Mwenyekiti akaonja, akalegeza tai.

Laini akaonja wa mwisho. Ulikuwa mtamu. Na upande ule wa nyuma ya kibanda hakuwahi kuukanyaga hata kwa bahati mbaya.

Mchana huo huo michango ilitoka, na haikutoka kwa kulalamika. Laini akafika chumbani, akafunga fundo lake, akafungua dirisha. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akavusha mguu mmoja nje.

Na hapo akabaki, amekalia dirisha kama farasi, mguu huu barabarani, mguu huu kwa Mama Vyumba, ulimi unapitapita kwenye meno. Bado alikuwa anausikia ule utamu.

Wapo wanaosema mwongo hadanganyiki. Hao hawajakaa na waongo. Mtu akiutunga uongo akauachia utembee, ukazunguka mji, ukabadilisha koti, ukarudi kwake kupitia mdomo wa mwingine, atausimamia mlangoni na kuukaribisha kama mgeni mheshimiwa. Laini akawaza: nilisema sukari ilishuka. Nilisema tu. Lakini kwani nilikosea wapi? Sukari nzito. Ardhi laini. Ingekwenda wapi? Na kama ipo, mtu mwenye akili anakimbilia mlango wa kupanga wa nini, wakati chini ya visiki vile kuna nyumba nzima, yenye mlango wa mbele na wa nyuma?

Akarudisha mguu ndani.

Alimkuta Bibi pale pale juu ya mizani yake.

"Bibi, ule udongo wa mchana."

"Upi?"

"Ule mtamu."

"Aa, ule." Bibi akasogeza kiti kidogo, kile chenye tofali, asikike vizuri. "Wewe si mtaalamu? Hujui mwenyewe? Sukari ikilala muda mrefu haitulii. Umewahi kuyaona mafuta kwenye mchuzi uliolala? Yanatafutana. Na hii ya hapa imetafutana tangu kiwanda kifungwe. Sasa ni bonge. Wazee wa kiwandani walisema ni kubwa kama kibanda hiki."

Laini akakitazama kibanda, kushoto mpaka kulia. "Liko wapi?"

"Lingekuwa na mahali, si lingeshachimbwa? Linahama. Likisikia jembe huku, linajivuta kule. Dawa yake ni moja tu: uchimbe kwa mstari, kisiki kisibaki, usiruke hata pa kukanyaga, ulisukume hivyo hivyo mpaka kwenye mfereji wa mwisho. Hapo halina pa kukimbilia."

"Bibi, unataka nini, jambo hili tulijue mimi na wewe tu?"

"Mimi? Nimekaa tu, mjukuu wangu."

Jibu hilo lilimtisha. Mtu asiyetaka kitu anaweza kumwambia mtu yeyote. Basi Laini, kwa mkono wake mwenyewe, akatoa lile fundo la michango yote akaliweka kwenye mapaja ya Bibi.

"Hizi za nini?"

"Za ruhusa, Bibi."

"Haya," akasema Bibi, akafunga fundo kwenye upindo wa kanga yake. "Ruhusa umepata."

Tuinamishe vichwa kidogo. Katika kitabu cha wajanja, kama kingekuwepo, ukurasa huo ungechanwa.

Asubuhi Laini alifika shambani na jembe begani, akamkuta Mwenyekiti amevaa fulana na tai, amesimama kati ya visiki, jasho tayari.

"Mwenyekiti, unafanya nini hapa?"

"Nakagua."

"Na jembe?"

"Ndilo la kukagulia. Na wewe?"

"Mimi natathmini."

Wakatazamana. Kabla hawajamaliza kutazamana akatokea Mama Vyumba na majembe mawili, moja kila mkono, akasema amepita tu anaelekea sokoni, akaanza kuchimba hapo hapo. Nyuma yake akaja Daktari wa Meno na glovu zake na makoleo. Bibi alikuwa amewaambia wote lile bonge, kila mmoja peke yake, kila mmoja sikioni, kila mmoja ameapishwa asiseme.

Basi kukalimwa. Sina neno jingine. Kukalimwa kama mashindano, maana hakuna aliyetaka mwenzake awe mbele hata kwa hatua, na hakuna aliyethubutu kubaki nyuma. Wakashika mstari, bega kwa bega. Mwenyekiti alipiga jembe kama anapasua ng'ombe. Mama Vyumba alilima la kulia na la kushoto kwa zamu, asije mkono mmoja ukapata zaidi. Lakini wa kustaajabisha alikuwa Daktari. Aliviona vile visiki, akaviinamia, akavigonga kimoja kimoja kwa mpini wa koleo, akasema, "Hiki kimeoza mzizi." Akashika, akatikisa, akazungusha, akavuta. Kikatoka kizima na mizizi yake, akakinyanyua juani akakitazama kwa mapenzi. Kisha akasema kwa mazoea, "Tema hapa," akaenda kingine.

Bibi alitembea nyuma yao na fimbo yake, taratibu.

"Mwenyekiti, pale umeruka. Litapita hapo hapo."

"Ni mwamba, Bibi."

"Basi litapita chini ya mwamba. Utoe."

Mwenyekiti akautoa.

Mchana wakipumzika, Daktari alimpora Laini kile chombo cha masikio akakilaza ardhini. "Nalisikia," akanong'ona. "Linaunguruma. Linaelekea kwa Mama Vyumba."

"Ni tumbo la Mwenyekiti," akasema Laini.

"Lielekee kwangu, kuna ubaya gani?" akasema Mama Vyumba. "Ninyi mmelima kwenye vivuli siku zote."

"Mama, vivuli viko wapi hapa?"

"Ndiyo maana mmevimaliza."

Siku zikapita hivyo. Bucha ilifungwa, kliniki ikabaki na paka, wapangaji wa Mama Vyumba wakapumua. Laini mikono yake, ile iliyokuwa haijawahi kushika kitu kizito kuliko mkono wa mtu mwingine, ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Koti la kinyozi likapasuka mgongoni. Viatu vya ncha alivivua akavisahau reli ilipo. Na kitu cha ajabu, ambacho hakumwambia mtu: jioni alikuwa analala. Alilala kwenye majani kando ya kibanda kama gunia, bila kuangalia kwanza dirisha liko wapi.

Mwishowe mstari ukafika kwenye mfereji. Wote wanne wakasimama ukingoni, majembe na makoleo juu, wamebana pumzi. Daktari akapiga pigo la mwisho. Likatoka bonge la udongo, kubwa kiasi cha kichwa, likabingirika mferejini, likapasuka. Ndani palikuwa na udongo.



"Limevuka," akasema Mwenyekiti.

"Halijavuka," akasema Mama Vyumba. "Kuna mtu kalila." Akamgeukia. "Mwenyekiti, hebu tuoneshe tumbo."

Mwenyekiti akanyanyua fulana. Hapakuwa na tumbo. Lilikuwa limekwisha kwa jembe. Suruali ilishikiliwa na ile tai. Wakamtazama Daktari, naye akafungua kinywa chake wakague. Ndipo vichwa vyote vitatu vikamgeukia Laini.

"Michango yetu," wakasema.

Laini akatoa mifuko nje. Zikaanguka nywele za kinyozi.

"Tunakwenda kituoni," akasema Mwenyekiti.

"Twendeni," akasema Laini kwa uchovu. "Mimi nipo. Nani ataanza kueleza?"

Mwenyekiti akafungua mdomo. Akajiona mbele ya meza ya askari anasema: afande, kwanza tulikula udongo. Halafu tukalifukuza bonge la sukari na majembe. Hapana, afande, hatukuliona. Akaufunga. Daktari akaanza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja, kwa heshima. Mama Vyumba akasema kwamba yeye toka mwanzo alikuwa anaelekea sokoni. Wakaondoka kila mtu na njia yake, na ukikutana na yeyote kati yao hata leo ukataja neno tathmini, atakuuliza habari za nyumbani.

Laini alibaki ameketi ukingoni mwa mfereji. Hakuwa na nauli, hakuwa na viatu, na shamba halina dirisha la kutokea. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka, makubwa, moja moja, na udongo uliolimwa ukatoa harufu yake. Bibi akamwita kibandani. Alipoingia akakuta magunia yamepangwa ukutani.

"Ni nini haya, Bibi?"

"Mbegu. Mahindi yale, maharage haya. Ruhusa yako imenisaidia sana."

Laini akaketi juu ya gunia, kwa sababu goti halikumpa nafasi ya kuchagua. "Na ule udongo mtamu?"

"Ulikuwa wako. Uliniwekea sukari shambani alfajiri, nikakuchungulia kwenye ufa wa mlango. Ulipoondoka nikachota wako, nikarudishia wangu. Nilisikitika kuona sukari nzuri namna ile imechanganywa na udongo."

Laini akatikisa kichwa, akajikuta anacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyepigwa chenga na fundi. "Tangu siku ya kwanza nakuuliza unataka nini, Bibi. Ukawa unaniambia umekaa tu."

"Nilikuwa nimekaa, si uongo." Bibi akaangalia nje, kule mvua inakoingia kwenye matuta. "Nilitaka kulimiwa. Wenye shamba walisema, badala ya mshahara, utakachokilima ni chako. Na visiki vile, na mgongo huu? Nikangoja, nikangoja, nikasema atakuja mtu wa jembe. Ukaja wewe na kijiko."

"Ungesema tu."

"Ningesema, ungelima?"

Laini akalifikiria swali hilo kwa uaminifu, na ilikuwa kazi ngumu kuliko visiki. "Hapana."

"Ndiyo hivyo."

Mvua ikakaza juu ya bati. Bibi akavuta gunia dogo, akaanza kuchambua mbegu kwenye ungo, zilizotoboka huku, nzima huku. Akamsogezea Laini ungo, naye akachambua. Baada ya muda Bibi akauliza bila kunyanyua macho:

"Na wewe, mjukuu wangu? Wewe ulikuwa unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Laini akafungua mdomo, na maneno mazuri yote aliyokuwa nayo yakaja yamepanga foleni, na tai, na viatu vya ncha. Akayatazama. Akayaacha yapite. Vidole vyake vilibaki kwenye ungo, vimejaa sugu na vumbi la mahindi.

"Mlango, Bibi," akasema. "Nilikuwa nataka mlango wangu mwenyewe, wa kutokea mchana."